Gari la "bure" baada ya kugongwa
Kinachoudhi Uingereza ni hili gari la kukodi kwa mkopo unaloletewa mlangoni baada ya kugongwa, eti bure. Si bure! Soma mkataba: aliyekodi ni wewe, deni ni lako, kampuni inalidai tu kwa bima ya aliyekugonga. Na bima hiyo itabisha. Ulihitaji gari kweli? Mbona siku nyingi hivyo? Mbona bei imepita ile ya kukodi kwa kawaida? Tangu hukumu ya Lagden dhidi ya O'Connor, 2003, asiyemudu kulipa taslimu anaweza kudai bei hiyo kubwa, ila athibitishe kwa taarifa za benki. Uliza bei ya siku kabla ya kusaini. Fundi akimaliza, rudisha ufunguo siku hiyohiyo.