Mnara wa Beit el Ajaib upewe kazi

Kujengwa upya kwa mnara ulioporomoka wa Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, naunga mkono kwa moyo wote. Ninachokiogopa ni kwamba tutaujenga, tutaupaka chokaa ukang'aa, tutapiga picha siku ya uzinduzi, halafu tutautia kufuli na kuwaachia popo na chumvi ya bahari.

Jumba hili halijaanza leo kubadilishiwa kazi. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari ya dola yake, na hapo ndipo Zanzibar ilipoona taa za umeme kwanza. Agosti 27, 1896 mizinga ya Waingereza ikaipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, na mnara wa zamani, uliosimama peke yake mbele ya jumba, ukaangamia. Waliotengeneza baada ya hapo hawakuurudisha ulipokuwa. Mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba. Zikaja ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi shughuli za chama cha Afro-Shirazi, kisha makumbusho, na mtepe wake, chombo cha kale cha baharini kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Mnara ulioporomoka Desemba 25, 2020, siku sehemu ya mbele ya jumba ilipoanguka na kuua watu wawili, nao ulizaliwa na mabadiliko. Kwa hiyo sioni dhambi kuubadilisha tena. Suala ni tunambadilishia nani.

Kabla ya hapo, tuangalie ukuta wenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipiga lipu ya saruji, maji hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na chokaa hugeuka unga. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe utazame chini ya mabomba ya viyoyozi. Panapodondoka maji lipu imevimba, ukiigusa inakuja na kidole. Na chuma, ambacho Beit el Ajaib inacho tele, kikishika kutu hutanuka na kupasua ukuta uliokishikilia.

Ndiyo maana siafiki wazo la kuligeuza jumba hili kuwa hoteli. Najua hoteli huleta fedha, na jumba bila fedha huanguka. Lakini hoteli inataka kiyoyozi na bafu kila chumba, yaani maji kila ukuta, wakati jumba hili tayari lina njia yake ya kujipoza: roshani pana zinazozikinga kuta na jua, dari za juu, na uwazi wa katikati unaopandisha hewa ya moto. Tena likishakuwa hoteli, mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ataliona akiwa bustanini Forodhani, nje ya mlango.

Mimi ningeweka makumbusho juu, na chini karakana ya mafundi wa chokaa na wachonga milango, wanaofanya kazi zao watu wakiwaona. Mnarani watu wapande kwa tiketi, wenyeji kwa bei ndogo, na kila shilingi iingie katika mfuko wa matengenezo ya jumba hilo hilo, isipotelee katika kapu la jumla. Ngome Kongwe iko hapo jirani. Imewahi kuwa gereza, leo ina maduka ya sanaa na jukwaa la muziki. Paa la mahali penye watu likivuja, huonekana siku ile ile, na yupo wa kupiga kelele.

Jambo moja lisingoje michoro wala wafadhili. Chokaa nzuri hulowekwa shimoni kwa miezi kabla ya kugusa ukuta, na mkono wa kuipaka hujengeka kwa miaka. Vijana wapelekwe kwa mafundi wazee sasa, walipwe posho, ili siku jukwaa la ujenzi likisimama wawe wao ndio wanaolipanda.