Tyubu ya alumini na hewa inayorudi ndani

Minya tyubu ya plastiki ya krimu, toa tone moja, kisha iachie. Itajifutua na kurudi ilivyokuwa, na ukitega sikio utausikia mdomo wake ukivuta pumzi. Pumzi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi wanaoanza kutengeneza krimu na losheni huchagua tyubu kwa macho: plastiki ni nyororo, inang'aa na haibonyei, ilhali alumini hukunjamana na kufanana na tyubu za dawa za kuchua. Hayo yote ni kweli. Lakini kule kukunjamana kunakohesabiwa kuwa aibu ndiko hasa fadhila ya alumini.

Alumini iliyominywa hubaki imeminywa. Nafasi ya krimu iliyotoka inazibwa na tyubu yenyewe, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo mno. Ndiyo haja iliyomsukuma mchoraji Mmarekani John Goffe Rand kusajili hataza ya tyubu ya bati mwaka 1841. Kabla yake wachoraji walihifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe, vikishatobolewa rangi inaanza kukauka.

Krimu ya uso ina shida hiyo hiyo. Retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A, huharibiwa na mwanga na oksijeni. Niliwahi kuchana kwa mkasi tyubu ya plastiki ya krimu ya retinoli iliyotumika nusu. Kuelekea mkunjo wa chini krimu ilikuwa na rangi ya maziwa. Kuelekea mdomoni ilikuwa njano iliyokoza, na katikati yake vitundu vya hewa. Mtu anayeminya asubuhi na jioni anaingiza hewa mara 60 kwa mwezi, pamoja na chochote kilichokuwa kwenye ncha ya kidole chake. Mtengenezaji anaweza kuongeza vihifadhi na vizuia oksidi, na kwa kawaida huongeza, lakini hapo anapambana na tatizo alilolinunua mwenyewe pamoja na tyubu.

Tena hewa haipiti mdomoni tu. Poliethilini, plastiki ya tyubu nyingi, huzuia vizuri mvuke wa maji lakini hupitisha oksijeni polepole ukutani, na manukato nayo hutoroka kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana viwanda huingiza katikati tabaka jembamba la EVOH, plastiki ya aina nyingine, linaloizuia oksijeni vizuri mradi lisipate unyevu. Wengine hubandika karatasi ya alumini kati ya plastiki. Ukuta unakuwa imara, lakini tyubu bado hujifutua kwa kiasi. Vifuniko vyenye vali ya kuzuia hewa isirudi ndani vipo pia, kwa gharama ya ziada. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi wa tyubu aanze kwa kuuliza ukuta una matabaka gani, rangi ya kifuniko baadaye.

Upande wa plastiki una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni asidi. Alumini hulindwa na utando wake wa oksidi, unaotulia takriban kati ya pH 4 na 8.5 (pH ni kipimo cha asidi: kadiri ilivyo ndogo, asidi ni kali zaidi). Seramu ya vitamini C ya asidi askobiki huhitaji pH chini ya 3.5. Hapo tegemeo pekee ni laka, yaani rangi ya kinga iliyopakwa ndani, na laka hiyo hupasuka tyubu inapokunjwa na kukunjuliwa. Asidi ikigusa metali, gesi ya haidrojeni hutokea na tyubu huvimba. Kwa seramu ya namna hiyo nisingechagua alumini hata kidogo. Sabuni ya maji ya uso, inayoisha haraka na isiyojali oksijeni, haihitaji gharama ya alumini. Na tyubu ya kubebwa mkobani kila siku, ikipigwa mikunjo ovyo, mwishowe hutoboka.

Kuhusu mazingira, kuyeyusha alumini iliyotumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya, ila tyubu ndogo yenye mabaki ya krimu mara nyingi haifiki tanuruni. Plastiki ya muwa nayo ni poliethilini ile ile, hewa huipita vile vile.

Kwa krimu ya mafuta mengi, ya retinoli au ya manukato ghali, yenye pH ya katikati, mimi ningeanza na alumini, na plastiki ndiyo ingebidi ijitetee. Jaribio la kuhifadhi kwa nyuzi 40 kwa miezi 3 lifanyike ndani ya tyubu itakayouzwa, wala si kwenye chupa ya kioo ya maabara. Tyubu nyingine ziminywe kila siku kama mteja anavyominya, kisha zichanwe na laka itazamwe kwenye mikunjo.