Paka wa Whittington na Sarafu za Kilwa

Sisi tuishio London tuna mazoea ya kusikitika kwamba miji yetu ya pwani ya Afrika Mashariki haikuacha sura za matajiri wake wa kale, ilhali huku mfanyabiashara wa zama zilezile anakutazama kutoka ukutani. Kwa maoni yangu tunakionea wivu kitu kisichostahili. Tazameni picha ya Richard Whittington.

Whittington aliuza hariri na mahameli kwa watu wa ikulu, akawakopesha wafalme. Mwaka 1397 mfalme alimteua kuwa meya wa London baada ya meya aliyekuwepo kufariki, kisha akachaguliwa mara tatu. Alifariki 1423. Picha yake iliyoenea ilichongwa kwenye bamba la shaba, ili ichapwe karatasini, na fundi Renold Elstrack mwanzoni mwa karne ya 17, karibu miaka 200 baada ya mazishi. Sura ile ni ya kubuni.

Katika chapa za mwanzo, mkono wa Whittington umelazwa juu ya fuvu la kichwa, ishara ya mauti. Chapa hizo ni adimu sana. Watu walikuwa wanamtaka paka, yule wa hadithi ya kijana maskini aliyetajirika baada ya paka wake kuuzwa kwa mfalme wa Afrika Kaskazini aliyesumbuliwa na panya. James Granger, mkusanyaji wa picha za kuchapwa, aliandika katika karne ya 18 kwamba bila paka picha haikununuliwa. Basi fuvu likafutwa, paka akawekwa.

Inawezekanaje kufuta kilichochongwa? Fundi wa picha hizi huchimba mistari kwenye bamba la shaba nyekundu kwa kichuma chenye ncha kali, akichora kinyume, kushoto iwe kulia. Wino husuguliwa ndani ya mistari, uso wa bamba ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu na vyote kupitishwa kati ya magogo mawili yanayobana kwa nguvu. Kubadilisha picha, mistari ya zamani hukwanguliwa, mahali pale hulainishwa kwa chuma kilichong'arishwa, kisha bamba hugongwa kwa nyuma ili bonde lililobaki linyanyuke. Asipogonga, bonde hunasa wino na kutoa doa. Mchonga milango wa Lamu au Unguja hana nafasi hiyo: mbao ikishatoka, imetoka.

Mwenye kununua chapa kama hii sokoni aguse pembeni: bamba huacha alama ya kubonyea kuzunguka picha. Kwenye kioo cha kukuzia, mistari iwe imejaa wino. Akiona vidoto vilivyopangika, hiyo ni nakala ya mtambo wa kisasa. Mistari iliyofifia ni dalili ya bamba lililochoka kwa kuchapwa mara nyingi.

Sasa Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, maarufu kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Sura yake hatuna. Tunazo sarafu zenye jina lake, maneno ya upande mmoja yakipatana kwa vina na ya upande wa pili. Hazina tarehe, na hilo limewasumbua sana wataalamu, lakini hakuna aliyembandika paka. Mimi naliamini zaidi jina hilo kuliko uso aliouchonga Elstrack.

Cha kuonea wivu kwa Whittington ni makaratasi. Hakuacha mtoto, mali yake ilijenga nyumba ya maskini 13, na choo cha umma chenye viti 128, nusu vya wanaume na nusu vya wanawake, kilichosafishwa na kujaa na kupwa kwa mto Thames. Choo hakipo tena. Nyumba ya maskini iliandikiwa kanuni, ikakabidhiwa chama cha wafanyabiashara wenzake, nacho kinaiendesha mpaka leo. Ndani ya kitabu cha kanuni hizo mna mchoro wa karne ya 15: Whittington kitandani akikata roho, maskini wake wamesimama miguuni.

Hiyo ni wakfu, jambo tunalolijua vizuri Mombasa, Lamu na Unguja, ambako nyumba, mashamba na visima vimewekwa kwa ajili ya misikiti na mafukara. Kama hati ya wakfu ya ukoo wenu imo sandukuni, ipigwe picha kurasa zote, mbele na nyuma, mihuri na majina ya mashahidi yasomeke, na nakala zikae kwa watu watatu katika miji tofauti.