Riwaya za fantasia hazitutoi duniani

Nimesoma makala yanayodai kwamba sisi vijana tunaosoma riwaya za fantasia tunaukimbia uhalisia, dai ambalo silikubali hata kidogo. Mfululizo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mwandishi Nnedi Okorafor ulioanza mwaka 2011 kwa Akata Witch, ambamo Sunny, msichana mwenye ualbino anayeishi Aba, Nigeria, anagundua kuwa ana uwezo wa kichawi, katika jamii ambayo fedha zake, ziitwazo chittim, humdondokea mtu kutoka angani kila anapopata maarifa mapya. Kutajirika kwa kujifunza, jambo zuri kiasi gani! Natamani maktaba zetu za umma jijini Nairobi, kuanzia McMillan hadi Kaloleni, ziwe na nakala za kuwatosha wote wanaomsubiri Sunny.