Fundi, angalia waya kwanza!

Jamani, hii ya "zima ruta (kile kisanduku cha kugawa intaneti), uwashe tena" imenichosha. Nyumba za Mji Mkongwe hapa Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa. Waifai haipenyi, ndiyo maana tunavuta waya wa mtandao mpaka vyumba vya juu. Mtandao ukikatika ukampigia fundi, jibu ni lile lile. Haulizi hata kama kitaa cha kwenye tundu la kuchomekea waya kinawaka! Kompyuta imewashwa na kitaa kimezimika? Tafuta shida kwenye waya, vichwa vyake au tundu lenyewe. Kinawaka lakini kompyuta imejipa anwani ya mtandao inayoanza na 169.254? Basi haijapewa anwani na ruta, na hapo kuzima na kuwasha kuna maana.

Tena huku chumvi ya bahari haina huruma. Chomoa kichwa cha waya utazame: vile vibati vinane vimeshika ukijani. Mshipa mmoja wa ndani ya waya ukikosa kugusa, kasi yaweza kushuka kutoka megabiti 1000 kwa sekunde hadi 100, kwa sababu 1000 inataka mishipa yote minane, 100 inatosheka na minne. Kichwa kipya ni rahisi, na kukibana ni kazi ya dakika chache. Mbona mnakimbilia kutuuzia ruta?