Mzamiaji Anayekataa Kuingia Majini

Siku ile tulikuwa wanne: mzamiaji, mwenzake wa akiba, kiongozi wetu, na mimi mshika kamba. Lilikuwa shimo la machimbo ya mawe upande wa Kwale, limejaa maji ya masika, na kijana alikuwa amezama humo tangu adhuhuri ya jana yake. Ukingoni walisimama watu kama mia mbili. Hata dakika kumi hazijapita, kelele zikaanza: "Ingieni basi! Vifaa vyote hivyo, mnaogopa nini?"

Kiongozi wetu hakujibu. Alizunguka shimo, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua shamba analotaka kununua, na kila mtu mzima aliyemkuta alimuuliza swali lile lile: kabla ya mvua, hapa palikuwa na nini?

Wa saba au wa nane kuulizwa alikuwa bibi muuza mihogo. "Mwanangu, huko chini mna seng'enge. Waliizungusha mbuzi wasitumbukie, kisha ukingo ukabomoka, ikaenda na nguzo zake." Akanyoosha kidole. Ni pale pale tulipopanga kuingilia, maana ndipo palipokuwa na mteremko mzuri.

Mimi nashikilia jambo moja: ile saa ambayo watu huiita uzembe ndiyo kazi yenyewe. Na kiongozi wa wazamiaji awe na mamlaka ya kusema "bado", hata "hapana", bila kupingwa na mheshimiwa yeyote aliyefika na kamera nyuma yake.

Kumbukeni kivuko cha Likoni, Mombasa. Jioni ya 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee, ndani yake mama na bintiye mdogo. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo mabarazani na mitandaoni neno lilikuwa moja: wazamiaji wetu hawawezi kazi. Uchungu wa watu naukubali, nami nilikuwa nao. Lakini tazameni kalenda ya mwezi. Mwezi mpya uliingia tarehe 28, jana yake. Mtoto yeyote wa pwani anajua maana yake: bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mlangoni pale mkondo unakwenda mbio. Muda ambao maji husimama kati ya kujaa na kupwa ni mfupi, na huo ndio muda wa mzamiaji kufanya kazi.

Isitoshe, gari lilikuwa kwenye kina cha karibu mita 58. Mzamiaji wa kawaida wa starehe kikomo chake ni mita 40. Kwenye mita 58 shinikizo linakaribia mara 7 ya lile la juu, kwa hiyo hewa ya mtungi inakwisha kwa kasi hiyo hiyo, na naitrojeni inamlevya mtu kama pombe. Mlevi gizani, maji machafu, mkono hauonekani, na juu yake feri zinaendelea kuvusha abiria na meli kubwa zinaingia bandarini. Nani kati ya wale waliokuwa wakipiga kelele angemtuma mwanawe?

Hatari za namna hii angalau zinapimika. Zinazonitia hofu zaidi ni zile ambazo maji yanazificha kwa utulivu. Chukua bwawa au kalvati: juu maji yametulia kama ya mtungini, kumbe chini kuna tundu linalopeleka maji upande wa pili. Tundu la nusu mita kwa nusu mita, maji ya upande mmoja yakizidi ya upande wa pili kwa mita 2, linamkandamiza anayeliziba kwa uzito wa karibu kilo 500. Hakuna misuli ya kujinasua hapo, na kumvuta kwa kamba ni kumuumiza tu. Swali la kuuliza kabla ni jepesi: lango la maji limefungwa, na ufunguo anao nani?

Kule Ziwa Victoria kuna timba, zile nyavu za plastiki ambazo ndani ya maji hazionekani kabisa. Wavuvi wanajua zilipokatikia. Mzamiaji aliyetoka mjini hajui, na kisu kimoja hakimtoshi. Kuna pia jambo ambalo hata watu wa kazi hulisahau: ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea kuzamia Mombasa au Dar es Salaam akienda Mwanza na hesabu zake za baharini za muda wa kukaa chini na kupanda, hesabu hizo zinamdanganya, maana hewa ya huko juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ataibuka salama, atapongezwa, na viungo vitaanza kumuuma baadaye.

Najua jibu nitakalopewa: mkikaa kupima, watu wanakufa. Ni kweli. Meli ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa, lakini fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa amesalia penye hewa ndani ya meli. Kwa mtu aliye hai, hatari kubwa inabebeka. Kwa maiti haibebeki, hata kama dini na mila zinatuhimiza kuzika mapema. Kiongozi lazima aamue mapema yuko kwenye kazi ipi kati ya hizo mbili, na amwambie mzazi aliyesimama pale ukingoni. Hilo ni gumu kuliko kuzamia.

Na hata kwa walio hai, haraka ina bei yake. Mwezi Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki inaelea kichwa chini, watu wakigonga kutoka ndani. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ikatoka, meli ikazama nao. Siwalaumu walioshika mashine siku ile. Nani angevumilia ile milio? Ila hatari iliyojificha pale haikuwa ya mwokoaji, ilikuwa ya wale waliokuwa wakiokolewa.

Kwetu shimoni, tulihamia upande wa pili, penye ukingo mbaya wa kuteremkia. Kijana tulimpata kabla ya alasiri, hatua chache tu kutoka kwenye zile nguzo. Tulipokuwa tukikunja kamba, bibi alikuja na mihogo ya kuchoma ndani ya gazeti, akamkabidhi kiongozi wetu.

"Mlikuja tangu asubuhi," akasema, "mimi nimekaa pale pale. Mbona mlichelewa kuniuliza?"