Mnaisingizia Kompyuta Uzee

Programu ya stoo imeganda. Mteja kasimama kaunta na hela mkononi, dada wa mauzo anabofya kitufe kilekile mara kumi na mbili, na kila aliye ofisini ana jibu lake ingawa hakuna aliyeulizwa. Meneja anasema kompyuta imezeeka. Mhasibu anasema ni virusi. Fundi wa mtaani, ambaye hana dawa nyingine duniani, anasema "tupige Windows upya". Na bosi, Mungu amjalie, anaongeza kifurushi cha intaneti.

Jamani! Faili lenye data ya stoo liko chumba cha pili, kwenye kompyuta ya mhasibu, mita nane kutoka kaunta. Halijawahi kuvuka hata geti. Intaneti ya kasi ya nini? Chomoa sasa hivi waya unaoingiza intaneti kwenye rauta, uone kama stoo haitaendelea kujikongoja vilevile. "Lakini Mzee amelipia gigabaiti 50!" Mwacheni aangalie mpira.

Programu nyingi za aina hii, za stoo, za zahanati, za vyama vya kuweka na kukopa, ambazo kijana fulani alizitengeneza akapotea na namba yake haipatikani, ndani yake ni Microsoft Access, programu ya kutunza data kwenye majedwali. Faili moja tu: mwisho wake ni .mdb kama ni la zamani, .accdb kama limetengenezwa kuanzia Access 2007. Limewekwa kwenye folda ya pamoja na kila mtu analifungulia hukohuko. Halafu ile kompyuta inayolihifadhi mnaiita "seva" kwa heshima zote. Seva gani? Haitafuti chochote wala haijumlishi chochote, imebeba faili basi. Ukitaka bei ya bawaba, kazi ya kutafuta inafanywa na kompyuta yako wewe, na data ndiyo inayopanda waya kukufuata. Kama safu unayotafutia haina indeksi (orodha ya kuonyesha haraka rekodi iko wapi), linavutwa jedwali zima. Ni sawa na kumwagiza mtu wa stoo kilo moja ya misumari, akakubebea stoo yote mpaka mlangoni ili uchague mwenyewe.

Piga hesabu. Swichi (kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta) ya megabiti 100 yenye afya inapitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Jedwali la mauzo la megabaiti 60 ni sekunde tano na ushee. Wakiuliza watu wanne kwa mkupuo, wote wanagombea tundu moja la swichi linalokwenda kwa mhasibu: zaidi ya sekunde 20. Mteja ameshavuka barabara kwenda kwa jirani. Na kama chini ya meza kuna ile habu ya kale ya megabiti 10, ambayo hakuna anayejua nani aliileta, zidisha kwa kumi kisha agizeni chai.

Kwa hiyo kabla hamjagusa Windows, inameni chini ya meza. Najua hakuna anayetaka, suruali zimepigwa pasi. Basi anzeni mkiwa mmekaa: fungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta ya kaunta, andika ping -n 100 -l 1400 na anwani ya kompyuta yenye faili, tuseme 192.168.1.10. Amri hiyo inatuma pakiti 100, yaani vipande vya data, na kupima majibu. Hiyo 1400 ni ya kufanya pakiti ziwe nzito, maana pakiti ndogo hujipenyeza hata kwenye waya mbovu. Ndani ya jengo moja, kwa waya, majibu yarudi kwa milisekunde 1 au pungufu, na isipotee hata pakiti moja. Zikipotea mbili, usiniambie "asilimia mbili si kitu". Ukurasa wa intaneti ukikatika unafungua tena. Access ikikatikiwa katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika na kesho mnaambiwa muundo wake hautambuliki.

Sasa twende kwenye waya wenyewe, maana hapa ndipo penye vituko. Ndani yake mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Mpangilio uliozoeleka kwenye plagi ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi mpenda unadhifu akiuona anasema hii fujo gani, kijani kimetenganishwa na mwenzake! Anapanga jozi kwa jozi, chungwa na chungwa, kijani na kijani, bluu na bluu, anafanya hivyo ncha zote mbili. Anachomeka kipimio, taa nane zinawaka kwa zamu bila kuruka, anakunja hela yake anaondoka. Kumbe kile kipimio cha bei poa kinaangalia tu kama umeme umefika upande wa pili. Hakijui kwamba tundu la 3 na la 6 lazima zitoke kwenye jozi moja, na yeye la 3 kaliwekea uzi wa kijani, la 6 kaliwekea wa bluu. Msokoto ndio unaoua kelele za pembeni. Ukitenganisha jozi, umeutupa msokoto. Kwa mita mbili inapita. Kwa mita 25 zinazopita darini sambamba na waya wa feni, ndiyo hiyo "kompyuta nzito leo". Kateni plagi zote mbili, baneni upya kwa mpangilio wa fujo. Kazi ya dakika kumi. Na waya usizidi mita 100 toka swichi mpaka kompyuta, wala usiungwe katikati kwa gundi ya umeme, hata kama aliyeunga ni shemeji yake bosi.

Yuko na yule aliyechoshwa na waya akaamua kaunta itumie Wi-Fi. Kwa barua pepe sawa. Kwa faili la Access, hapana. Wi-Fi inayumba kidogo kila mtu akipita na simu, na kila ikiyumba katikati ya kuandika, tumerudi kwenye faili lililoharibika.

Waya umepona, ping safi, bado saa saba mchana kaunta nzima inakufa. Saa saba! Kila siku! Watu wanaanza kutaja majirani na wivu wao. Kumbe mhasibu kaenda kula, na kompyuta yake, ambayo ndiyo imeshika faili, imepangwa ilale baada ya dakika 30. Ikilala, imelala na stoo ya watu. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, weka isilale kamwe. Skrini ikizima sawa. Kisha nenda Device Manager, fungua kadi ya mtandao, kwenye kichupo cha umeme ondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Halafu kuna tabia nyingine ya kimya kimya: Windows inayoshirikisha folda hukata kiungo kisichotumika kwa dakika 15, na mtu akirudi anasubiri kiungwe upya. Kwenye kompyuta ya mhasibu, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net config server /autodisconnect:-1. Imekwisha hiyo. Na mkiwa hapo, ipeni anwani isiyobadilika. Leo .10, kesho .14, keshokutwa "stoo imepotea".

Sasa ile kompyuta ya Windows XP pale kona ya risiti. Windows hutumia lugha iitwayo SMB kushirikishana mafaili, na XP inajua kuongea SMB toleo la kwanza peke yake. Windows 10, kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017, ukiiweka mpya inakuja bila toleo hilo. Kwa hiyo mmenunua mashine mpya kwa mhasibu, na XP haioni folda. Fundi anakuja, anawasha SMB ya kwanza, XP inaona, anashangiliwa. Huo ndio mlango ambao kirusi cha WannaCry kiliutumia Mei 2017 kufunga mafaili ya watu dunia nzima. XP yenyewe iliacha kupewa viraka vya kawaida vya usalama Aprili 2014. Mstaafisheni mzee wa watu. Mafao yake ni kuhamishiwa stoo ya vitabu.

Na ruhusa za folda! Wanaoogopa wizi wanawapa watu wa kaunta ruhusa ya kusoma na kuandika bila kufuta. Access ikifunguliwa inaunda kifaili kidogo cha kufuli, mwisho wake .laccdb (au .ldb kwa faili la .mdb), na mtu wa mwisho akifunga inakifuta. Asipoweza kukifuta, kinabaki. Asipoweza kabisa kukiunda, faili linafungukia kwake peke yake na wengine wote wanabaki nje wakigonga. Wapeni ruhusa kamili ya kurekebisha, kila mmoja kwa jina lake na nywila yake kwenye kompyuta ya mhasibu. Nywila isiwe 12345. Nimesema isiwe 12345, dada, usicheke.

Haya, kazi yenyewe sasa: kuligawa faili. Wengi hamjafanya kwa sababu yule kijana hakuwaambia. Subirini jioni, wote wafunge programu, hakikisheni kile kifaili cha kufuli kimetoweka. Tengenezeni nakala kwanza. Fungua faili, kwenye menyu ya Database Tools bonyeza Access Database, fuata inachosema. Mtapata mafaili mawili: moja la majedwali, linabaki kwenye folda ya pamoja, na moja la fomu na ripoti, ambalo mnalinakili kwenye diski ya kila kompyuta. Kila kompyuta! Siyo mnaligawa halafu yote mawili mnayaacha kwa mhasibu na kufungua kwa njia ya mkato, mkaniambia "tuligawa haikusaidia". Viungo vya faili la fomu kwenda kwenye majedwali viandikwe kwa anwani kamili, \\192.168.1.10\stoo, siyo herufi Z ambayo kwenye kompyuta nyingine ni X na kwenye nyingine ni flashi ya mtu.

Ukishagawa, jambo moja dogo lina faida kubwa kuliko ramu mpya. Kila fomu ikifungwa na nyingine kufunguliwa, kile kifaili cha kufuli kinaweza kufutwa na kuundwa upya, na kwenye mtandao hilo linakula muda. Kwenye faili la majedwali tengeneza jedwali lenye safu moja na rekodi moja, liunganishe na faili la fomu, kisha fomu iliyofichwa ilifungue programu inapoanza na isilifunge mpaka mtu anapotoka. Kiungo kinabaki wazi. Fomu zilizokuwa zinawaza sekunde nane zinaruka. Kwenye sifa za kila jedwali weka Subdatasheet Name kuwa [None], maana likiachwa [Auto] Access inachungulia majedwali mengine ambayo hukuyaomba. Weka indeksi kwenye safu mnazotafutia: namba ya bidhaa, tarehe, jina la mteja. Usiweke kwenye kila safu, maana kila indeksi inaongeza kazi ya kuandika, na kila mauzo ni kuandika.

Kufuta rekodi hakupunguzi faili. Mnaweza kufuta mauzo ya miaka mitano, faili likabaki na kilo zilezile, na kikomo ni gigabaiti 2. Kila mwezi linakilini kwenye diski ya ndani, lipigeni Compact and Repair hapo (amri ya Access ya kubana na kurekebisha faili), kisha lirudisheni. Msifanye kupitia waya.

Vifaa nimeviweka mwisho makusudi, maana bosi angeanza navyo. SSD (diski ya kasi) moja ya gigabaiti 240, na ya kwanza iende kwa mhasibu kwenye faili, siyo kwa meneja anayecheza karata. Antivirusi iambiwe iiache ile folda, la sivyo inakagua faili zima kila mtu akigusa. UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) kwa kompyuta yenye faili na kwa swichi pia; swichi ikizima, UPS ya kompyuta inalinda chumba kitupu. Na betri ya CR2032 kwenye ubao mama: ikifa, saa inarudi nyuma miaka, na risiti ya leo inaingia kwenye hesabu za mwaka ambao duka lilikuwa halijafunguliwa. Betri ni hela ya soda. Mkaguzi si hela ya soda.

Mkimaliza yote hayo na bado rekodi moja inasema bawaba zipo na nyingine zimekwisha, fungueni ile folda ya pamoja mtazame. Mtakuta DATA, DATA MPYA, DATA MPYA 2, DATA MPYA YA KWELI na USIFUTE. Ndani ya Access, kwenye kila kompyuta, bofya Linked Table Manager, inayoonyesha kila jedwali limeunganishwa na faili lipi, usome njia ya faili. Mtakuta kaunta inaandika kwenye DATA MPYA, mhasibu anasoma DATA MPYA YA KWELI, na meneja ripoti zake zote anazitoa kwenye USIFUTE, ambayo haijaguswa tangu mwaka juzi.